Radi za Kivu: Sake ni ya tano duniani, lakini nani anazihesabu?

GOMA – Kwa miaka hii ya karibuni jina la Sake limejulikana duniani kwa sababu ya vita. Watu waliokimbia, barabara iliyofungwa, mabomu kwenye vilima: ndivyo mji huo mdogo ulio kilomita 25 hivi magharibi mwa Goma unavyotajwa kwenye redio. Lakini kuna orodha nyingine ambamo Sake imo, na hiyo haina uhusiano wowote na bunduki.

Mwaka 2016 kundi la watafiti wakiongozwa na Rachel Albrecht wa Chuo Kikuu cha São Paulo, nchini Brazili, lilitoa hesabu ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Walitumia kumbukumbu za setilaiti ya TRMM, ambayo kwa miaka 16, tangu 1998 mpaka 2013, ilikuwa ikipita juu ya nchi za joto na kuandika kila mmweko wa radi iliouona. Nafasi ya kwanza ilichukuliwa na Ziwa Maracaibo, Venezuela, lenye mimweko karibu 233 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Ya pili ni Kabare, Kivu ya Kusini: 205. Ya tatu ni Kampene, katika jimbo la Maniema: 177. Ya tano ni Sake: 143. Butembo imo, nafasi ya tisa. Boende, kule Tshuapa, ni ya kumi.

Hesabu mwenyewe: katika sehemu kumi za kwanza za dunia nzima, tano ni za Kongo. Na kabla ya orodha hiyo, ramani za zamani za NASA zilikuwa zikitaja kijiji cha Kifuka, hapa hapa mashariki mwa nchi, kuwa ndicho cha kwanza duniani.

Lazima tuweke mambo mawili sawa. Kwanza, watafiti hao waligawa dunia katika vipande vya kilomita kama kumi kwa kumi, kisha kila kipande wakakipa jina la mahali panapokaliwa palipo karibu zaidi kwenye ramani. Basi si kwamba radi zote hizo zinaanguka katikati ya soko la Sake. Ni eneo la milima linalouzunguka. Pili, setilaiti inaona mmweko wowote, hata ule unaoruka ndani ya wingu bila kugusa udongo. Radi zinazofika chini ni sehemu tu ya hesabu hiyo. Hata hivyo, kwa mkulima aliye peke yake shambani saa tisa za mchana, sehemu hiyo inatosha.

Hapa Goma tunaona jambo hilo kwa macho yetu. Usiku wa mvua, ukiwa Himbi au Keshero na ukitazama upande wa Masisi, mbingu inawaka na kuzimika bila sauti. Wengine huiita radi kavu, au radi isiyo na hatari, kwa sababu hawasikii kitu. Ukweli ni umbali tu. Ngurumo mara nyingi haisikiki zaidi ya kilomita 15 hivi, lakini mwanga unaonekana kutoka mbali sana. Ile radi "isiyo na sauti" ina sauti kubwa kabisa. Anayeisikia ni mtu wa Sake.

Kwa nini huku kwetu?

Wingu la radi linahitaji vitu vitatu: hewa yenye unyevu, joto la chini linalosukuma hewa hiyo juu, na kitu cha kuanzisha msukumo. Kivu imepewa vyote, tena kwa wingi.

Upande wa magharibi kuna msitu mkubwa wa Kongo, unaopumua mvuke mchana kutwa. Upande wa mashariki upepo unatoka mbali, mpaka Bahari ya Hindi. Katikati inasimama milima. Nyiragongo pekee ina mita 3.470, wakati ziwa liko kwenye mita kama 1.460. Hewa inapofika mbele ya ukuta huo haina njia isipokuwa kupanda. Ikipanda inapoa, mvuke unakuwa maji, maji yanakuwa barafu. Ndani ya wingu, vipande vya barafu vinagongana, vidogo vinapanda na vikubwa vinashuka, na kila mgongano unahamisha chaji ya umeme. Baada ya muda juu ya wingu na chini yake panakuwa kama ncha mbili za betri kubwa mno. Radi ni betri hiyo inapojimaliza kwa mara moja. Njia ya radi inafikia joto la digrii kama 30.000, karibu mara tano ya uso wa jua, na hewa inayopasuka kwa joto hilo ndiyo ngurumo.

Halafu kuna ziwa, na hapa ndipo wengi wanashangaa. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo unatoka ziwani kwenda milimani, na mvua kali hupiga mashambani na vijijini juu ya vilima, hasa alasiri. Usiku mambo yanageuka. Milima inapoa, hewa baridi inateremka mpaka ziwani, inakutana na hewa vuguvugu juu ya maji na kuisukuma juu. Matokeo yake, ziwa linapata dhoruba zake usiku. Utafiti ule wa 2016 uliona hivyo hivyo kwa maziwa makubwa ya Afrika na kwa Maracaibo yenyewe.

Sasa fikiria ni nani anakuwa ziwani usiku. Wavuvi wa sambaza. Kazi yao ni ya giza: wanafunga mashua tatu pamoja kwa miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma, wanawasha taa, samaki wanakuja kwenye mwanga, wavu unapandishwa. Pale katikati ya maji hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna kilima. Kitu kirefu kuliko vyote ni ile miti yao na wao wenyewe waliosimama. Anayetaka kujua kwa nini bei ya sambaza inapanda sokoni wiki zenye mvua nyingi, jibu moja ni kwamba wavuvi wenye busara walibaki nyumbani.

Radi inaua kwa njia gani

Wengi wetu tunafikiri radi inaua kwa kumpiga mtu kichwani. Inatokea, lakini hiyo ndiyo njia isiyo ya kawaida. Mara nyingi inapiga mti, kisha inaruka kutoka kwenye mti kwenda kwa mtu aliyejikinga chini yake. Au inapiga manjanja ya nyumba, waya wa umeme au waya wa kuanikia nguo, na kumpata aliyeugusa. Na mara nyingi zaidi kuliko zote inapiga udongo, umeme unatawanyika ardhini, unaingia kwa mguu mmoja na kutoka kwa mwingine.

Hii ya mwisho ndiyo inayoeleza kwa nini watu, au ng'ombe, wanaanguka kwa wingi mara moja. Ng'ombe ana miguu minne iliyoachana mbali, na moyo wake uko katikati ya njia. Masisi, nchi ya ng'ombe, inajua hasara hiyo. Hata wanyama wa pori hawaponi: mwezi wa pili 2020, sokwe wanne wa milimani wa familia ya Hirwa, majike watatu na mtoto mmoja, walikutwa wamekufa katika hifadhi ya Mgahinga, Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wetu na upande ule ule wa volkano za Virunga. Radi ndiyo iliyodhaniwa kuwaua.

Goma ina tatizo lake la pekee. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkano: ya 2002, ya 2021 upande wa Buhene, na ya zamani zaidi chini yake. Jiwe kavu la lava halipitishi umeme vizuri. Mtu anaweza kufikiri ni bahati, lakini ni kinyume chake. Umeme usipopata njia ya kuzama chini unakimbia juu juu, kwenye uso wenye maji ya mvua, mpaka upate kitu cha kuupokea. Tena nyumba zetu nyingi ni za mbao, zimeezekwa kwa manjanja, zimewekwa juu ya jiwe tupu. Manjanja yasiyounganishwa na ardhi kwa waya hayalindi mtu. Yanapokea tu radi na kuitafutia njia ya kushukia, na njia hiyo inaweza kuwa ukuta ulioegemea.

Hali ilikuwa mbaya zaidi katika kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji kabla ya mwanzo wa 2025, Kanyaruchinya, Bulengo, Rusayo, ambako familia nzima ililala chini, juu ya lava, ndani ya kibanda cha mashita na mifuko ya plastiki. Kambi nyingi zilivunjwa, lakini watu waliorudi vijijini na kukuta nyumba zimebomolewa wanalala bado chini ya bashe zile zile. Bashe haimzuii radi hata kidogo. Kama hakuna nyumba ya kukimbilia, kulala juu ya kitanda cha miti, au hata juu ya mbao zilizoinuliwa kidogo, ni bora kuliko kulala kwenye udongo wenye maji.

Majengo ya watu wengi ndiyo yanaleta misiba mikubwa, na jirani zetu wamelipa. Tarehe 28 mwezi wa sita 2011, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, na kuua wanafunzi 18 pamoja na mwalimu. Mwezi wa tatu 2018, watu wasiopungua 15 walikufa ndani ya kanisa la Waadventista katika wilaya ya Nyaruguru, kusini mwa Rwanda. Mwezi wa kumi na moja 2024, watu 14 waliokuwa wakisali katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, walikufa kwa pigo moja. Shule, kanisa, kambi. Yote matatu tunayo, na mawingu tunayo kuliko wao.

"Radi ya kutumwa"

Huwezi kuandika juu ya radi huku Kivu bila kusema hili. Radi ikiua mtu mmoja kati ya watano waliokuwa pamoja, swali la kwanza kwenye matanga ni: nani aliituma? Jibu mara nyingi linaangukia mama mzee asiye na mtoto wa kumtetea, au jirani aliyekuwa na kesi ya shamba na marehemu.

Nchi nzima inakumbuka kisa cha Bena Tshadi, Kasai, mwezi wa kumi 1998. Magazeti ya Kinshasa yaliandika kwamba radi ilipiga uwanja wakati wa mechi ya mpira, wachezaji 11 wa timu moja wakafa, na wale wa timu nyingine wakabaki wazima. Habari hiyo ilizunguka dunia, na hapa nyumbani ilithibitisha kwa wengi kile walichokuwa wanaamini tayari.

Umeme unaokimbia ardhini haugawanyiki sawasawa. Unafuata maji, mizizi, nyufa za mawe. Watu wawili waliosimama hatua tatu tu kutoka kwa mwenzao wanaweza kupata kiasi tofauti kabisa. Aliyeachanisha miguu anapata zaidi ya aliyeibana. Kwa hiyo kuona mmoja amekufa na mwingine amesimama si ushahidi wa kitu chochote. Na mahali penye zaidi ya mimweko mia moja kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, la kushangaza si kwamba radi ilimpata fulani. La kushangaza lingekuwa isimpate mtu yeyote.

Si suala la kucheka wala la kubishana kwenye baa. Mwaka 2021 iliripotiwa kwamba wanawake kadhaa, wengi wao wazee, waliuawa na makundi ya watu katika Kivu ya Kusini kwa kushtakiwa uchawi. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza waziwazi kumshtaki mtoto uchawi na inasema adhabu itolewe. Kwa mama mzee hakuna kifungu kilicho wazi hivyo, ingawa kumpiga au kumwua mtu ni kosa la jinai bila kujali sababu iliyotolewa.

Kuna imani nyingine zisizo na madhara. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa tuvue nguo nyekundu mvua ikianza na tufunike kioo. Radi haioni rangi. Lakini nyanya aliyekuwa akisema hivyo alikuwa pia akiwaita watoto wote waingie ndani mara ya kwanza ngurumo ikisikika, na hapo alikuwa na haki kabisa.

Mvua ikikukuta

Dhoruba ya Goma inatoa taarifa, ila ni fupi. Joto linakuwa zito, upande wa volkano au wa Masisi unakuwa mweusi, halafu ghafla upepo wa baridi unapiga na kuinua vumbi jeusi la barabarani. Upepo huo ni hewa iliyoanguka kutoka ndani ya wingu na kukimbia mbele yake. Ukiusikia shingoni, una dakika chache tu, mara nyingi zisizofika 15.

Kujua umbali wa radi ni rahisi. Sauti inatembea kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Ukiona mmweko, anza kuhesabu. Ukifika tisa ngurumo ikasikika, radi iko kilomita tatu. Ukifika thelathini iko kilomita kumi, na hapo tayari unapaswa kuwa ndani, maana radi inaweza kuruka umbali huo kutoka kwenye wingu lake na kupiga mahali ambapo mvua haijafika. Baada ya ngurumo ya mwisho subiri dakika 30. Watu wengi wanauawa mwanzoni, kabla ya mvua, na mwishoni, wanapodhani imekwisha na kurudi shambani kuchukua jembe.

Ndani maana yake ni jengo kubwa la matofali lenye mabomba na nyaya zinazofika ardhini, au gari lenye paa la chuma na madirisha yaliyofungwa. Basi dogo la abiria linafaa. Moto haifai, na chukudu haifai. Dereva wa moto anayejificha chini ya mti wa mkaratusi pamoja na mteja wake amechagua mahali pabaya kuliko barabara yenyewe. Nyumba ya mbao ni bora kuliko uwanja, mradi mkae katikati, mbali na ukuta, mlango na manjanja, mkikalia kitanda au kiti na miguu isiguse chini kama inawezekana.

Simu haivuti radi, hata ukiongea nayo. Hatari ni waya. Simu iliyo kwenye chaja, redio iliyounganishwa na antena ya juu, pano ya sola yenye nyaya zinazoingia chumbani: hivyo vyote ni njia ya kuingilia. Vichomoe kabla, si wakati radi inapiga. Na bidoni za maji zisubiri. Kila siku tunaona watoto wakichota maji ziwani hali mbingu imekuwa nyeusi, kwa sababu mama ameagiza na bomba la kata halitoi. Bidoni moja isiyojaa haiui mtu.

Aliyekutwa shambani bila nyumba karibu aondoke kwenye kilele cha kilima na kwenye mti ulio peke yake, aweke chini jembe na mwavuli, na kama yuko na wengine waachane hatua nyingi ili pigo moja lisiwachukue wote. Kuchuchumaa miguu ikiwa pamoja kunapunguza hatari kidogo tu. Kukimbilia nyumba, hata ya mbali kidogo, ni bora zaidi. Kulala kifudifudi ni kosa, maana unaupa umeme wa ardhini mwili mzima wa kupitia.

Halafu jambo linaloweza kuokoa maisha mengi kuliko yote haya. Mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Unaweza kumgusa mara moja. Huku kwetu watu wanaogopa, wanasubiri mchungaji au mganga, na dakika zinapita. Anayeonekana amekufa mara nyingi moyo wake umesimama tu, kama saa iliyogongwa, na unaweza kuanzishwa tena. Mlaze chali mahali pagumu, weka kiganja katikati ya kifua na cha pili juu yake, bonyeza kwa nguvu kiasi cha sentimita tano, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari la kwenda hospitali. Kama wameanguka wengi, anza na yule asiyepumua: anayelia au kukohoa atasubiri. Nchini Marekani, ambako wanahesabu, karibu watu tisa kati ya kumi wanaopigwa na radi wanapona. Wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu wanajua kufundisha masaji hiyo ya moyo, na mkutano wa kata au ibada ya Jumapili inaweza kuwaalika.

Kwa shule na makanisa, dawa inajulikana tangu karne ya 18: kinga radi, ambayo mafundi wetu wanaiita paratoneri. Fimbo ya chuma juu ya paa, waya mnene wa shaba unaoshuka, na chuma kilichozikwa ardhini. Uganda, baada ya msiba wa Runyanya, shirika la ACLENet limekuwa likizifunga kwenye shule moja moja. Goma kazi ngumu ni ile ya chini. Kwenye lava, kuzika chuma kimoja hakutoshi. Fundi mwenye ujuzi atazungusha waya kuzunguka jengo lote na kujaza udongo unaopitisha umeme. Fundi anayesimika fimbo juu ya paa na kuishia hapo amewaongezea watoto hatari. Pia waya wa shaba unaibiwa. Nchi inayouza shaba dunia nzima inashindwa kubakiza mita ishirini za shaba kwenye ukuta wa shule.

Maji ya ziwani na maji ya mlimani

Radi inaua mmoja mmoja. Maji yanaua kijiji.

Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, karibu sana na nchi kavu, watu wakitazama. Gavana wa Kivu ya Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema siku ile kwamba ilikuwa na abiria 278 na kwamba wasiopungua 78 walikufa. Hesabu zilizofuata zilitofautiana. Mawimbi yalitajwa. Lakini boti hiyo ilikuwa imejaa kupita kiasi, na ilikuwa imejaa kwa sababu vita vilifunga barabara ya Sake na watu wa Minova hawakuwa na njia nyingine ya kuleta vyakula Goma. Miaka mitano kabla, mwezi wa nne 2019, baada ya ajali nyingine upande wa Kalehe iliyoacha watu zaidi ya 100 bila kuonekana, Rais Félix Tshisekedi alifika na kuagiza jile za kuokolea ziwe lazima kwa kila abiria. Anayepanda boti leo ahesabu mwenyewe jile ngapi anaziona. Upepo ukigeuka baridi na milima ya Idjwi ikapotea kwenye mvua, nahodha anayekataa kuondoka si mwoga, na tiketi ya kesho haigharimu zaidi ya ya leo.

Na kuna Kalehe ya 2023. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 4 mwezi wa tano, siku ya soko Nyamukubi. Watu walikuwa wametoka vijiji vingi, wengine wamevuka ziwa. Mvua ilinyesha milimani juu, mito ikafurika, na maji yakashuka na matope na mawe makubwa juu ya Nyamukubi na Bushushu. Zaidi ya maiti 400 zilizikwa, nyingi katika makaburi ya pamoja, na wengi hawakuonekana tena. Siku mbili kabla, mvua za usiku zilikuwa zimeua watu zaidi ya 130 upande wa Rwanda, na habari hiyo ilikuwa imesikika kwenye kila redio ya Goma na Bukavu. Serikali ilitangaza maombolezo ya taifa tarehe 8. Vilima juu ya vijiji hivyo vina mteremko mkali, miti imekatwa, na nyumba zinakaa kwenye mdomo wa mto kwa sababu hapo ndipo penye udongo tambarare.

Mto unaotaka kuja kwa nguvu unaonyesha dalili. Maji yanabadilika rangi kuwa ya matope ingawa mvua hainyeshi mlipo. Wakati mwingine yanapungua ghafla, maana juu kuna udongo umeziba na unajaza nyuma yake. Inasikika sauti kama ya lori, nayo ni mawe yanayobingirika. Yeyote akisikia hiyo asikimbie kufuata mto kuelekea ziwani. Apande pembeni, juu, bila kurudi kuchukua godoro.

Baada ya Kalehe, wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walijaribu kupima kama mabadiliko ya hali ya hewa yalizidisha mvua ile. Mwezi wa sita 2023 walitoa jibu lisilo la kawaida kwao: hawakuweza kusema, kwa sababu takwimu za mvua za eneo la Ziwa Kivu zilikuwa chache mno. Idara ya taifa ya hali ya hewa, METTELSAT, ina makao yake Kinshasa, zaidi ya kilomita 1.500 kutoka hapa. Volkano yetu ina kituo chake cha uchunguzi, OVG, na kila mtu Goma anakijua. Mvua haina kituo cha namna hiyo, ingawa mwezi ule wa tano iliua watu wengi kuliko Nyiragongo ya 2002 na ya 2021 kwa pamoja.

Chombo cha kupimia mvua ni mkebe wenye mdomo ulionyooka na rula. Kinachohitajika ni mtu wa kukisoma kila siku saa ile ile na kuandika, hata siku isiyo na mvua aandike sifuri. Vituo vya dunia vinavyosoma saa 6 kwa saa ya Greenwich vinasoma hapa kwetu saa mbili asubuhi, wakati kila shule ya Sake, Kalehe na Butembo imekwisha kupiga kengele.